Mkandarasi ameharibu kazi ya nyasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye nyumba aliyemlipa mkandarasi amtengenezee bustani, na sasa anatazama nyasi zilizokauka, ardhi yenye mabonde, au dimbwi lisilokauka karibu na ukuta. Yanahusu nyasi hai, ziwe zimepandwa kwa mbegu, kwa vipandikizi, au kwa vipande vilivyokatwa shambani na kuja kutandazwa. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo palipo na suala la kisheria nimeeleza kanuni zinazokubalika mahali pengi. Kiwango cha pesa na muda wa kufungua madai uulize ulipo.

Utaona narudia jambo moja: chimba kwanza, udai baadaye. Anayedai kwa kutazama rangi ya majani tu huishia kuambiwa "hukumwagilia", na hana la kujibu.

Nyasi zimeanza kuwa manjano siku chache tu baada ya kutandazwa. Nianze kudai?

Bado. Kipande cha nyasi kilichokatwa shambani kimepoteza sehemu kubwa ya mizizi yake, na majani ya manjano hapa na pale katika wiki ya kwanza ni ya kawaida. Mizizi mipya huanza kushika ardhi ndani ya wiki 2 hadi 3 hivi. Baada ya muda huo shika nyasi kwa mikono miwili na uvute polepole kwenda juu. Zikigoma, zimeshika. Zikinyanyuka kama mkeka, kuna tatizo la kutafutwa.

Kwa mbegu, subira inategemea aina. Nyingine huota ndani ya wiki moja, nyingine huchukua wiki 3 hadi 4. Muulize mkandarasi kwa maandishi ni aina gani aliyopanda, kwa sababu jibu lake utalihitaji baadaye.

Lakini usisubiri kupiga picha. Hizo zianze siku ya kwanza.

Nitajuaje kosa ni lake, ni langu, au ni la hali ya hewa?

Hapa ndipo penye kesi yenyewe, kwa hiyo tumia muda. Chukua koleo dogo, rula na bisibisi ndefu. Mwagilia eneo siku moja kabla ili udongo usiwe mkavu kupita kiasi, kisha choma bisibisi ardhini kwa nguvu ya mkono. Kwenye udongo ulioandaliwa vizuri itazama sentimita 15 bila shida. Ikigota kwenye sentimita 4 au 5, na ikagota hivyo sehemu nyingi, ardhi imeshindiliwa: ama na mitambo ya ujenzi, ama na gari la mkandarasi mwenyewe, na haikulimwa kabla ya kupanda.

Kisha chimba vishimo vidogo, vingine palipokufa na vingine palipostawi, ili ulinganishe. Pima unene wa udongo mzuri wa juu. Tazama chini yake kuna nini. Vipande vya saruji, kokoto, mifuko ya plastiki na mfinyanzi mgumu vinaonyesha kwamba kifusi kilifunikwa tu. Nyasi zilizotandazwa juu ya kifusi hukaa kijani wiki chache kwa sababu zinamwagiliwa kila siku, halafu jua kali la kwanza linazimaliza.

Umbo la mabaka nalo linaeleza mengi. Mistari iliyonyooka ya rangi ya kahawia, inayofuata njia aliyopita mtu na mashine ya kumwaga mbolea, inaashiria mbolea iliyozidi. Chumvi yake huvuta maji kutoka kwenye mizizi, na nyasi huungua. Mabaka ya duara yenye kahawia katikati na kijani kibichi pembeni mara nyingi ni mkojo wa mbwa, na hapo mkandarasi hahusiki. Nyasi zinazokatika kwa kuvutwa, na chini yake ukakuta funza weupe waliojikunja, zimeliwa mizizi. Kukauka kwenye maungio ya vipande kunatokana na kutandaza kwa kuacha nafasi, au vipande kusinyaa kwa kukosa maji. Na nyasi zinazokonda chini ya mti mkubwa zimekosa jua. Hilo linaweza kuwa kosa la mkandarasi kama aliliona eneo na akashauri aina isiyovumilia kivuli, lakini kama alikuonya nawe ukasisitiza, usimlaumu.

Kama pesa iliyopotea ni nyingi, mlipe mtaalamu wa kilimo au wa bustani asiyemjua yeyote kati yenu aje aandike ripoti fupi. Ukurasa mmoja wenye vipimo una uzito kuliko majirani kumi wanaosema kazi ni mbaya.

Anasema sikumwagilia. Nijibu nini?

Jibu kwa vipimo. Nyasi changa zinahitaji takribani sentimita 2.5 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba, na zaidi wakati wa joto kali. Panga makopo matupu yenye kuta zilizonyooka sehemu mbalimbali za bustani, fungua maji kama unavyofanya siku zote, kisha pima kina cha maji katika kila kopo. Piga picha. Bili ya maji nayo ni shahidi mzuri: ikiwa matumizi ya mwezi huo yamepanda wazi kuliko miezi ya nyuma, hoja yake inadhoofika.

Swali la muhimu zaidi ni hili: alikupa maelekezo ya kumwagilia? Mtu anayeuza kitu hai na kuondoka bila kusema kitunzwe vipi amefanya nusu ya kazi. Kama alikupa maelekezo na hukuyafuata, kubali sehemu yako mapema. Madai yaliyopunguzwa kwa haki husikilizwa kuliko madai yanayokana kila kitu.

Kumbuka pia kwamba maji yakizidi huleta uharibifu unaofanana na ukame. Mizizi huoza, ukungu huingia, majani yanalegea. Ukichimba na kukuta udongo unanuka uozo, usiongeze maji.

Maji yanatuama baada ya mvua. Hiyo ni kasoro ya kazi?

Mara nyingi ndiyo, hasa kama mkandarasi ndiye aliyesawazisha ardhi. Bustani haitakiwi kuwa bapa kabisa. Inapaswa kuteremka ikienda mbali na nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Funga kamba kutoka ukutani hadi mita 5 nje, isawazishe kwa pima maji, kisha pima umbali kutoka kwenye kamba hadi ardhini kila upande. Upande wa nje uwe chini zaidi kwa sentimita 5 hadi 10. Ukikuta kinyume chake, maji yanaelekezwa kwenye msingi wako. Hilo halihusu urembo tena. Lishughulikie kwanza kabla ya nyasi.

Kama mteremko ni sahihi lakini maji bado hayazami, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena na upime. Yakishuka kwa kiasi kisichofika sentimita 2.5 kwa saa, udongo wenyewe haupitishi maji. Hapo unauliza kama mkandarasi aliupima udongo kabla ya kupanga kazi, na kama kuweka mifereji kulikuwa ndani ya makubaliano.

Nashuku udongo alioleta ni pungufu. Nithibitisheje?

Kwa hesabu. Tuseme mlikubaliana udongo wa juu wa sentimita 10 kwenye mita za mraba 180. Hizo ni mita za ujazo 18, na udongo uliolegea hushuka ukimwagiliwa, kwa hiyo zilipaswa kuletwa zaidi ya 18. Pima bodi la lori lililotumika, urefu kwa upana kwa kimo, uzidishe kwa safari zilizofanyika. Kama una kamera getini, safari zinahesabika. Nyasi zenyewe upime hivyo hivyo: zungusha futi kamba eneo lililotandazwa na ulinganishe na mita alizokutoza. Hapa makosa hujitokeza sana, kwa sababu wengine hutoza eneo lote la kiwanja, njia na kibaraza vikiwemo.

Hatukuandikiana mkataba. Bado nina haki?

Ndiyo. Nchi nyingi hutambua makubaliano ya mdomo kwa kazi ya aina hii, na hata yasiyotamkwa: anayejitangaza kuwa fundi anatarajiwa kufanya kazi kwa ujuzi na uangalifu wa fundi. Ugumu uko kwenye kuthibitisha mlikubaliana nini. Kusanya ujumbe wa simu, sauti mlizotumiana, makadirio aliyoandika kwenye kikaratasi, miamala ya pesa na picha alizokuonyesha akisema "itakuwa hivi". Vyote hivyo ni vipande vya mkataba wenu.

Nihifadhi ushahidi gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kazi za ujenzi na bustani hilo hutokea kila siku. Piga picha kutoka mahali palepale na kwa pembe ileile kila wiki, ili mabadiliko yaonekane. Kwenye kila kishimo weka rula ndani ya picha. Chora ramani ya bustani kwa mkono, hata kama hujui kuchora, utie namba kwenye vishimo na namba hizohizo kwenye picha. Hifadhi vifungashio vya mbegu na mbolea kama vimeachwa. Weka mfuko wa udongo uliotoka kwenye kila kishimo, ulioandikwa tarehe.

Mazungumzo ya simu yafuatishie ujumbe siku hiyohiyo: "Kama tulivyoongea leo, umesema utakuja Jumanne kuangalia upande wa kusini." Akinyamaza bila kukanusha, ujumbe huo unakusaidia.

Anadai malipo ya mwisho na kazi ina kasoro. Nizuie?

Unaweza kuzuia kiasi kinacholingana na kasoro. Kuzuia pesa yote kwa sababu ya kona moja iliyokauka kunaweza kukugeuza wewe kuwa mvunja mkataba, na watu wengi wenye madai halali wamejitia matatani hapo. Lipa sehemu isiyo na ubishi, eleza kwa maandishi umezuia kiasi gani na kwa kasoro ipi, na useme kitalipwa kasoro ikirekebishwa. Soma mkataba kwanza kama unao. Huenda unasema lini malipo yanazuilika.

Ni lazima nimpe nafasi ya kurekebisha? Simtaki tena nyumbani kwangu.

Hasira yako inaeleweka, lakini mpe, angalau mara moja, kwa maandishi na kwa tarehe. Sehemu nyingi sheria au mkataba hudai hivyo, na hata pasipodaiwa, mwamuzi atauliza. Ukileta fundi mwingine kabla ya yule wa kwanza kuona kasoro, umeondoa ushahidi kwa mkono wako mwenyewe na umempa hoja kwamba angerekebisha bure.

Unaruhusiwa kukataa marekebisho ya kufunika. Kumwaga mbegu juu ya ardhi iliyoshindiliwa, au kupulizia mbolea ya kuleta rangi ya kijani kwenye nyasi zisizo na mizizi, ni kulipua kazi mara ya pili. Muulize atafanya nini hasa, hatua kwa hatua, kabla hajaingia.

Barua ya malalamiko iandikweje?

Fupi, yenye tarehe na vipimo, bila matusi. Mfano:

"Tarehe 4 na 5 ulitandaza nyasi mita za mraba 180 nyuma ya nyumba. Kwa ujumbe wako wa tarehe 28 mwezi uliotangulia, tulikubaliana udongo ulimwe kina cha sentimita 15 na uongezwe udongo wa juu wa sentimita 10. Tarehe 26 nilichimba vishimo 6. Katika vishimo 5 udongo wa juu hauzidi sentimita 3, na chini yake kuna kifusi kilichoshindiliwa. Nyasi za eneo la mita za mraba 70 hazijashika. Picha na ramani zimeambatanishwa. Naomba ufike kukagua kabla ya tarehe 3, na urekebishe eneo hilo kabla ya tarehe 20. Usipofika, nitamtafuta mtu mwingine afanye kazi hiyo na nitakudai gharama zake."

Ndugu, utaona hakuna neno "tapeli" humo. Barua hiyo inaweza kusomwa na hakimu miezi minane baadaye, na inapaswa kukuonyesha kama mtu aliyetaka kazi ikamilike.

Ananipiga kalenda. Kila wiki ni "nakuja kesho".

Toa tarehe moja ya mwisho, kwa maandishi, kwa njia inayoacha alama ya kupokelewa. Ikipita, hesabu kuwa amekataa na uendelee na hatua inayofuata. Kuongeza tarehe ya nne na ya tano kunakudhoofisha, na nyasi nazo zinazidi kufa. Wewe pia una wajibu wa kupunguza hasara: endelea kumwagilia sehemu iliyo hai, usiikate kwa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, na zuia mmomonyoko. Hasara uliyoiacha ikue kwa makusudi hutalipwa.

Naweza kudai ang'oe zote na kupanda upya?

Inategemea kasoro imeenea kiasi gani. Kama vishimo vyote vinaonyesha kifusi, kung'oa ni dai la haki, kwa sababu hakuna dawa ya juu inayotibu ardhi ya chini. Kama ni mabaka machache, utapata gharama za mabaka hayo.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo wanasheria huitaja sana hapa. Mwenye nyumba alijengewa bwawa la kuogelea lenye kina kifupi kuliko walichokubaliana, akataka lijengwe upya kwa pauni 21,560. Mwaka 1995 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa ngazi ya juu kabisa ya rufaa huko, liliona bwawa bado linafaa na lina usalama, na kwamba gharama ya kulijenga upya haikulingana na faida ambayo angeipata. Akabaki na pauni 2,500 kwa kukosa alichokitaka. Kosa la mkandarasi lilikuwa dhahiri, na bado dai kubwa halikupita. Kwa hiyo unapodai nyasi mpya zote, onyesha kwa nini marekebisho madogo hayatoshi.

Anasema nilimwagiza kazi ya ziada kwa mdomo.

Kama ulimwagiza, lipa kwa bei ya haki. Kama hukumwagiza, mwombe aonyeshe nani alisema, lini, na bei gani ilitajwa. Jihadhari na lile neno la kutikisa kichwa bustanini, "sawa, weka na hapo", kwa sababu mara nyingi ndilo linalorudi kama ankara.

Vibarua au muuza nyasi wanakuja kunidai mimi.

Waambie kwa upole kwamba ulimlipa mkandarasi, na uwaonyeshe stakabadhi. Usiwalipe papo hapo. Hata hivyo usipuuze, kwani katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, aliyeleta vifaa au nguvu kazi na hakulipwa anaweza kuweka dai juu ya nyumba yenyewe. Ukipata karatasi rasmi, ipeleke kwa mwanasheria siku hiyohiyo.

Walipasua bomba wakichimba.

Hilo ni dai tofauti na nyasi. Funga maji, piga picha, mjulishe mara moja, rekebisha, tunza risiti. Dharura haihitaji kumsubiri.

Ananipa pesa kidogo na karatasi ya kusaini.

Isome mstari kwa mstari. Ikisema unapokea malipo hayo "kumaliza madai yote", na maji bado yanaelekea kwenye msingi, umeuza haki ya kudai nyufa zitakazotokea mwakani. Omba iandikwe kwamba inahusu eneo fulani tu, au kasoro fulani tu.

Nimtangaze mtandaoni?

Mimi ningesubiri. Ukiandika wakati mgogoro unaendelea, unaweza kujikuta unajibu madai ya kashfa, na unaharibu nafasi ya kupatana. Shauri likiisha, eleza kilichotokea kwa ukweli unaoweza kuuthibitisha.

Upatanishi au mahakama?

Anza na upatanishi, kwa mtu mnayemheshimu wote au chombo cha walaji kama kipo. Migogoro ya nyasi inafaa sana kupatanishwa pale pale bustanini, kwa sababu kila mtu anaweza kuona kishimo kikichimbwa mbele yake. Nimeona wakandarasi waliokuwa wakali kwenye simu wakinyamaza walipoona rula imesimama kwenye kifusi.

Ikishindikana, nchi nyingi zina mahakama au utaratibu wa madai madogo usiohitaji wakili. Nenda na vitu vinne: makubaliano, vishimo na vipimo, barua yenye tarehe ya mwisho, na makadirio mawili ya mafundi wengine wa kurekebisha kasoro ileile. Wahimize wakadirie kazi ileile tu. Wakiongeza maua na taa, mwamuzi atadhani unataka bustani mpya kwa pesa ya mwenzako.

Nikianza na mkandarasi mwingine, niandike nini?

Eneo kwa mita za mraba, aina ya nyasi kwa jina lake, kina cha kulima, unene wa udongo wa juu, mteremko, na nani anamwagilia hadi lini. Vipande vya nyasi vitandazwe siku vinapofika, au ndani ya saa 24, kwa sababu vikirundikwa kwenye joto huungua vyenyewe kwa ndani. Malipo yafuate hatua: kianzio, kisha sehemu baada ya ardhi kulimwa na kusawazishwa, kisha sehemu nyasi zikitandazwa, na salio lilipwe wiki 6 baadaye zikiwa zimeshika.

Hatua ya pili ndiyo ya kusimamia kwa macho yako. Omba akuite kabla nyasi hazijashuka kwenye gari, utembee juu ya udongo ulio wazi na bisibisi mkononi, uchome sehemu kumi, upime mteremko kwa kamba, mkubaliane na kusaini hapo hapo. Mkandarasi mzuri hatachukia, maana saini hiyo inamlinda naye siku nyasi zikifa kwa sababu bomba lako lilikauka.